Kabla hujamuuzia mtu Bluetooth ya helmeti, muulize pikipiki yake ina redio gani

Leo naomba niwaandikie habari ya mzigo mmoja ulionirudia, maana najua humu wengi tunauza vifaa vya umeme bila kuwa mafundi. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha nne, na elimu yangu ya umeme ni ile ya betri moja na balbu mbili. Nauza vifaa vya pikipiki hapa Mbeya: helmeti, glovu, makoti ya mvua, taa za ziada, alamu, spika. Fremu yangu ndogo iko Mwanjelwa, lakini wateja wengi wananipata kwa simu, na mizigo inaondoka kwa basi kwenda Tunduma, Makambako, Njombe, Mafinga mpaka Iringa.

Mwaka jana mwezi wa sita nilikopa laki sita kwenye kikoba chetu. Nikaagiza Kariakoo seti 12 za Bluetooth za helmeti, kila moja 48,000. Piga hesabu, hiyo ni 576,000, na 24,000 iliyobaki ikaishia kwenye usafiri na mifuko ya kufungia. Kwa asiyezijua: ni kiboksi kidogo kinachobandikwa ubavuni mwa helmeti, kina betri yake ndani, kina spika mbili bapa zinazoingia kwenye sponji upande wa masikio, na maiki ya kuongelea. Nikapiga picha nzuri, nikaposti: "BLUETOOTH YA HELMETI, INASHIKA KILA KITU, 75,000 TU."

Hayo maneno "kila kitu" ndiyo yaliyonitia hasara.

Mteja wangu wa tatu alikuwa mzee mmoja wa Mafinga, mfanyabiashara wa mbao. Hakuomba punguzo, alilipa palepale, nikafurahi kweli. Mzigo ukaondoka na basi la asubuhi. Kesho yake jioni akapiga.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Hiki kidude chako kinashika simu yangu tu. Redio ya pikipiki hakishiki."

Nikampa maelekezo niliyoyakariri kwenye boksi: bonyeza kitufe usiachie, mpaka taa nyekundu na bluu zipokezane kuwaka. Akabonyeza. Zikapokezana. Redio kimya. Nikamwambia azime awashe upya, asogeze helmeti karibu. Tumekaa kwenye simu kama nusu saa hivi, vocha ni yake, mpaka akachoka. Akaniambia kwa upole tu: "Binti, wewe umeandika kinashika kila kitu. Redio siyo kitu?"

Sikuwa na jibu. Nikamrudishia 75,000 yake na nauli ya mzigo 5,000, na mzigo ulivyorudi nikalipa 5,000 nyingine. Lakini kabla hela haijamfikia alikuwa ameshaituma posti yangu kwenye kundi lao la wafanyabiashara wa mbao, akaweka neno moja chini yake: "Matapeli." Oda mbili za Mafinga zikafutwa jioni hiyohiyo. Na marejesho ya kikoba ni kila Jumamosi, hayajui habari za redio.

Ndipo nikaomba picha ya pikipiki, kitu ambacho ningeomba kabla sijapokea hela yake. Jamani. Nilitegemea Boxer, au labda zile Honda za miradi. Akanitumia Honda Gold Wing GL1500 ya mwaka 1994. Kama hujawahi kuiona, ni pikipiki ya safari ndefu yenye injini ya silinda sita, cc 1,520, kiti kama sofa, mabuti ya mizigo pembeni na nyuma, na mbele ina redio yenye sehemu ya kaseti na spika zake. Honda walizitengeneza GL1500 kuanzia 1988 mpaka 2000, kwenye kiwanda chao cha Ohio, Marekani. Hii ya mzee ilikuwa imetumika Japani kabla ya kuja kwetu, na yeye aliipata Dar kwa mtu. Anasafiri nayo kutoka Mafinga kuja Mbeya, kama kilomita 250, na anataka kusikiliza kaseti zake za Mbaraka Mwinshehe. Spika za mbele zinasikika akiwa mjini. Akitoka Makambako na kukamata mwendo, upepo unazimeza zote.

Sasa tatizo lilikuwa nini? Bluetooth ni habari ya watu wawili, mmoja anatuma sauti na mwingine anapokea. Simu inatuma. Helmeti inapokea. Redio ya mwaka 1994 haitumi wala haipokei, kwa sababu mwaka huo ndio kwanza wahandisi wa kampuni ya Ericsson kule Sweden walikuwa wanaanza kulifanyia kazi wazo lenyewe. Muungano wa kampuni zinazoisimamia Bluetooth uliundwa 1998, pikipiki ya mzee ikiwa na miaka minne barabarani. Kwa hiyo mimi nilimuuzia mtu sikio, wakati pikipiki yake haikuwa na mdomo. Hata ningemuuzia sikio la milioni moja, asingesikia kitu.

Na hapa wauzaji wengi tunajikwaa pia kwenye zile redio ndogo mpya za pikipiki, zile za mviringo zinazofungwa kwenye usukani zikiwa na spika mbili. Boksi limeandikwa Bluetooth, helmeti imeandikwa Bluetooth, mteja anaamini vitaongea. Haviongei. Karibu zote za bei yetu zinapokea tu kutoka kwenye simu. Ukiwa na wapokeaji wawili ni sawa na watu wawili walioshika simu, kila mmoja anasubiri mwenzake aseme haloo. Njia ya kujua ni kusoma herufi: RX maana yake kinapokea, TX maana yake kinatuma. Vingine vina kiswichi cha kuchagua, TX upande mmoja na RX upande wa pili. Ukikuta boksi halisemi, muulize anayekuuzia kwa jumla, na asipokujibu vizuri kijaribu kabla hujakilipia.

Nilienda kwa fundi wa redio za magari hapahapa Mwanjelwa nikiwa na zile picha. Nilikuwa nimeshakasirika na mzee, nataka tu kujua kama nilimkosea kweli. Fundi akazikuza picha, akanionesha tundu la mviringo lenye pini tano. Akaniuliza, "Hili unalijua?" Nikamwambia nimeliona kwenye kinanda cha kwaya kanisani. Akacheka, akasema ndilo hilohilo kwa umbo. Kwenye pikipiki za namna hii ni tundu la hedifoni za waya: zamani dereva alivaa helmeti yenye spika, anachomeka waya kwenye pikipiki, anasikia redio na anaongea na abiria wake. Maana yake sauti ya kwenda kwenye helmeti ilikuwepo tangu 1994. Ilikosa tu wa kuirusha hewani.

Basi nikampigia mzee. Sikumpigia kumuuzia, nilimpigia kumwambia kwamba nilikosea, na kwamba kitu anachokitaka kinawezekana lakini siyo kwa kile kidude peke yake. Alinyamaza kidogo, halafu akasema anakuja Mbeya kwa ajili ya Nanenane mwezi wa nane, atapita.

Alipita kweli, baada ya kutoka kwenye maonesho pale viwanja vya John Mwakangale. Pikipiki ilipofika mtaani kwetu boda wote waliacha abiria. Tulimweleza njia zilizopo, na nawaelezeni na nyie kwa sababu ndizo hizohizo kwa pikipiki yoyote ya zamani yenye redio.

Ya kwanza ni kuachana na redio. Simu iko mfukoni, inatuma moja kwa moja kwenye helmeti, kwisha. Hii ndiyo rahisi kuliko zote, haikati waya hata mmoja, na kwa wateja tisa katika kumi inatosha. Ukiwa na mteja wa bodaboda asiye na redio usimsumbue na habari nyingine, mpe hii. Mzee aliikataa kwa sababu kaseti zake haziko kwenye simu.

Ya pili ni kuipelekea redio ya zamani sauti ya simu, ili itoke kwenye spika za pikipiki. Kuna kaseti bandia yenye waya inayoingia pale pa kaseti, na kuna kile kirusha FM kinachochomekwa kwenye chaji ya 12V. Hapa kuna jambo la Japani ambalo wenye IST na Vitz mnalijua: redio zilizotengenezwa kwa soko la Japani FM yake inaanzia 76 na kuishia 90, wakati stesheni zetu nyingi ziko juu ya 90. Ndiyo maana mzee alikuwa anasema redio yake "imekufa," kumbe nzima. Virusha FM vingi vinaanzia 87.5, kwa hiyo mteja wa namna hii unamwelekeza akiweke kati ya 87.5 na 90, asitafute 100 na kitu, atasema umemuuzia kibovu. Lakini njia hii haimsaidii mtu anayelia na upepo, kwa sababu sauti bado inatokea kwenye spika.

Ya tatu ndiyo iliyokuwa yake: kuweka kitumaji, TX, kwenye lile tundu la pini tano, kirushe sauti ya redio na kaseti mpaka kwenye helmeti. Kule nje zinauzwa adapta maalumu za pikipiki hizi, na kampuni kama Sena na Cardo zinajulikana kwa vifaa vya helmeti, lakini bei zake kwa mfuko wetu ni mlima. Sisi tulitumia kitumaji cha kawaida cha tundu la AUX, kile cha kuwekea televisheni, 35,000, na waya wa kutengeneza.

Kwenye waya tulipoteza saa nzima, kwa ajili yangu. Nilikimbia kununua waya wa kinanda kwa sababu pini zinafanana, nikajiona mjanja. Fundi akaupima kwa mita: pini tano nje, lakini ndani kuna nyaya tatu tu, maana kinanda hakihitaji zaidi. Pini mbili zilikuwa pambo. Wewe muuzaji ukimtumia mteja waya kwa kuangalia umbo la pini, utarudishiwa. Fundi akanunua plagi tupu, akapima kwanza kwenye pikipiki ni pini ipi inatoa sauti ya kushoto, ipi ya kulia, ipi ya ardhi, zile za maiki akaziacha, ndipo akachomelea waya wa AUX.

Tukawasha. Kitumaji na helmeti havina kioo, huchagui jina kama kwenye simu. Unaviweka vyote viwili kwenye hali ya kutafutana, unavisogeza karibu, unasubiri. Tukasubiri. Helmeti ikashika simu ya mzee! Tukarudia, ikashika simu ya mzee tena. Mtoto wa dukani kwa jirani ndiye aliyesema, "Si mzime Bluetooth ya simu kwanza?" Tukazima, sekunde chache vikashikana. Sasa hivi hiyo sentensi nimeiandika kwenye karatasi ndani ya kila boksi ninalotuma, na simu za malalamiko zimepungua mno.

Mzee akaweka kaseti, akavaa helmeti, akatulia, halafu akakunja uso. "Kuna mbu humu." Tukasikiliza kwa zamu. Kulikuwa na mlio mwembamba chini ya muziki, na ukivuta moto unapanda pamoja na injini. Fundi akachomoa chaji ya kitumaji, kikabaki kwa betri yake cha ndani, na mlio ukakatika palepale. Alivyonieleza mimi nikaelewa hivi: kitumaji kilikuwa kimeunganishwa na ardhi ya pikipiki mara mbili, mara moja kupitia waya wa sauti na mara ya pili kupitia waya wa chaji, na huo mzunguko unaokota kelele za jenereta ya injini na kuzipeleka kwenye sauti. Dawa yake ni kichujio kidogo chenye vitransfoma viwili ndani kinachokaa katikati ya waya wa AUX, kinapitisha sauti bila kuunganisha nyaya za ardhi. Dukani kwetu tunakiita tu kichujio cha mlio, 10,000. Mteja wako akilalamika kwamba "inalia kama mbu," usikimbilie kumbadilishia mzigo. Mwambie achomoe chaji asikilize. Mlio ukiondoka kifaa hakina ubaya, anahitaji hicho kichujio.

Kilichobaki kilikuwa sauti kukwaruza. Tundu la hedifoni linatoa sauti kubwa kuliko kitumaji kinavyotarajia, hivyo ukiipandisha redio juu inapasuka hata kama helmeti umeiweka chini. Tukaishusha redio mpaka robo hivi, tukapandisha kwenye helmeti. Ikatoka safi. Mzee alikaa pale na helmeti kichwani anaitikia wimbo sisi hatuusikii, tunamwangalia tu. Watu wanacheka, yeye wala.

Hesabu yake ikawa hivi: seti ya helmeti 75,000, kitumaji 35,000, plagi na waya 8,000, kichujio 10,000, fundi 20,000. Jumla 148,000. Ule waya wa kinanda nilijilipia mwenyewe, uko dukani mpaka leo. Mzee alilipa bila neno, na posti yangu kule kwenye kundi la mbao aliifuta mwenyewe.

Umeme naomba niuseme vizuri kidogo, kwa sababu hapo siyo suala la mzigo kurudi tu. Kitumaji na vichaji vya simu vinatumia 5V, pikipiki nyingi ni 12V, katikati lazima kuwe na kibadilishaji, ile soketi ya USB ya pikipiki. Zipo pikipiki za zamani sana ambazo ni 6V, na soketi ya 12V ukiifunga humo inaweza isifanye kazi kabisa, kwa hiyo uliza. Waya wa kulishia utolewe kwenye umeme unaokuja ukiwasha swichi, usitolewe moja kwa moja kwenye betri, la sivyo kifaa kinakunywa usiku kucha. Betri ya Gold Wing ni kubwa inavumilia, ila ya bodaboda ni ndogo, asubuhi unakuta mtu anapiga kiki mpaka jasho. Na fyuzi. Kuna kijana wa boda hapa mjini, mteja wangu, alifungiwa redio mtaani, waya umetoka kwenye betri bila fyuzi na kupita pale shingoni usukani unapogeukia. Ukawa unasuguliwa kila akikata kona. Siku moja akiwa na abiria ukaanza kutoa moshi chini ya tangi. Walishuka salama, wakachomoa betri, wakashukuru Mungu. Abiria alikuwa mama mjamzito anaenda kliniki. Tangu siku hiyo kila soketi ninayouza inatoka na fyuzi ya ampea 2 na kishikio chake ndani ya mfuko, naongeza 1,500 kwenye bei na siulizi mteja kama anataka.

Tena kuna masikio. Hili nimelisoma kwa sababu wateja wangu wengi wanaomba "yenye sauti kubwa zaidi." Upepo peke yake ndani ya helmeti, kwenye mwendo wa barabara kuu, unaweza kuvuka desibeli 90 kabla hujawasha muziki. Shirika la Afya Duniani linasema kwa mtu mzima desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki, na kila ikipanda 3 muda huo unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5. Sasa mtu anaongeza muziki juu ya upepo, kila siku. Kwa hiyo kinachomsaidia mteja mara nyingi ni spika kukaa mahali pake, kuliko kuongeza nguvu. Zikikaa sambamba na tundu la sikio, sauti ndogo inatosha, zikienda juu au nyuma kwa sentimita mbili tu atasema hazina besi. Mwambie avae helmeti, aguse kwa kidole tundu la sikio liko wapi, aweke alama, ndipo abandike. Asikate ile foamu nyeupe ngumu ya ndani ili spika zikae vizuri, hiyo ndiyo inayopokea kishindo akianguka. Kama helmeti haina nafasi, hiyo siyo helmeti ya kuwekea spika, na zile nusu kofia wanazovaa boda wengi ni hivyohivyo. Hapo mimi huwa namuuzia helmeti kamili kwanza, na faida yangu iko hapo pia, sifichi. Kuvaa helmeti kwenyewe ni sheria, Sheria ya Usalama Barabarani Sura 168, kwa hiyo siyo kwamba namlazimisha anasa.

Boda wa mjini nawashauri waweke spika moja tu, sikio la kushoto, la kulia libaki wazi lisikie gari linalotaka kupita. Ile barabara yetu inabeba malori ya Zambia na Kongo usiku na mchana. Kuna mmoja alinijibu, "Dada, mimi nalisikia lori kwa mgongo." Sikumuuzia mbili. Alinuna, akanunua moja.

Mvua nayo. Mbeya mvua zikianza mwezi wa kumi na moja zinaenda mpaka wa nne au wa tano, hivyo neno "haiingii maji" usiliandike kwa kuambiwa. Angalia namba: kwenye IP67, 6 ni vumbi haliingii kabisa, 7 ni kwamba inaweza kuzama mita moja kwa nusu saa. Ukikuta IPX5, herufi X maana yake vumbi halijapimwa, na 5 ni maji ya kurushiwa kwa bomba. Boksi lisilo na namba, mimi naandika "usiinyeshee." Ninauza pungufu kidogo ila silali na simu za malalamiko. Na mteja wa Makambako au Uyole akisema mwezi wa saba betri haifiki saa zilizoandikwa, anasema kweli, betri za lithiamu zinapungua nguvu kwenye baridi.

Siku hizi sipokei hela kabla sijapata majibu ya ujumbe huu. Unaweza kuunakili, badilisha tu uweke bidhaa zako:

"Asante kwa oda. Kabla hujalipa naomba: 1) picha ya pikipiki kwa mbele, na ya redio kama ipo, 2) unataka kusikiliza simu, redio, au kaseti? 3) picha ya helmeti yako kwa ndani, 4) utakuwa peke yako au na abiria anayetaka kusikia pia?"

Hilo swali la nne watu wanalidharau. Vitumaji vingi vya bei ya chini vinarusha kwa helmeti moja tu kwa wakati. Wakiwa wawili unahitaji kinachoandikwa kinaunganisha viwili, na ukijaribu dukani jaribu na helmeti mbili kweli, usiamini boksi. Halafu kabla ya kufunga mzigo narekodi video ya nusu dakika, kifaa kinawaka, kinashikana, kinatoa sauti, namba ya boksi inaonekana. Naituma kwa mteja pamoja na picha ya risiti ya basi. Na kwenye posti nimeandika wazi: kikifika kibovu nauli ya kurudisha ni yangu, ukiwa hukujibu maswali nauli ni yako. Wapo wanaokasirika na maswali wanaenda kwa mwingine. Kama wanne hivi wameondoka tangu nianze. Zile seti 12 ziliisha mwezi wa kumi, kikoba nikamaliza kulipa, na iliyorudi ni ile moja ya mzee tu, ambayo niliijaribu upya na ndiyo aliyoichukua tena Nanenane.

Posti yangu ya sasa inasema: "Bluetooth ya helmeti. Inapokea sauti kutoka kwenye simu. Kama unataka redio ya pikipiki niandikie kwanza." Haivutii kama ile ya mwanzo, najua.

Juzi mzee kanitumia ujumbe, anataka seti ya pili, ya mama, maana wanaenda wote Iringa harusini mwezi ujao. Kitumaji chake kinarusha kwa helmeti moja, kwa hiyo nacho kitabidi kibadilishwe. Nimeshamwambia bei kabla hajauliza, na nimemwomba picha ya helmeti ya mama kwa ndani. Bado nasubiri.